MAPIGO YA MOYO NA SIHA YA WANA WETU

Somo letu la leo latoka katika elimu ya mwili. Tumelichagua kwa sababu lahusu watu ambao aghalabu hawajisemei wenyewe, nao ni wana wetu waliofika umri wa kubaleghe, wa kiume na wa kike, tangu miaka 12 hatta 18. Ada yetu ni kumdhania kijana kuwa mzima maadamu hana homa, ala akashiba, na haachi skuli wala madrasa. Akinenepa, jamaa humtazama wakasema, "Mashaallah, ana siha." Ama maradhi ya sukari na presha, hayo twayahesabu kuwa ni ya wazee, kama mvi, humjia kila mtu kwa zamu yake.

Dhana hii si sahihi, na madhara yake ni makubwa. Maradhi hayo hayaanzi siku yanapojulikana. Huanza kimyakimya, miaka mingi kabla, na mara nyingi mizizi yake hushika katika umri huu huu tunaousema. Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mwili wa kijana nao una mawingu yake, na moja katika hayo, lililo rahisi kulitazama kuliko yote, ni hesabu ya mapigo ya moyo wake anapokuwa ametulia. Jambo hili halihitaji mashine wala fedha. Lahitaji vidole viwili, saa, na dakika moja. Lakini lahitaji pia kufahamika sawasawa, kwani asiyelifahamu aweza kulidharau, au aweza kulikuza akamtisha mwanawe bure.

ELIMU HII ILIVYOPATIKANA

Tangu zamani matabibu walishika mkono wa mgonjwa kabla ya kusema neno. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaeleza mapigo ya mshipa kwa urefu katika Qanun yake. Mwaka 1242 Ibn al-Nafis, akiisherehesha sehemu ya viungo ya kitabu hicho hicho, alibainisha kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni, ndipo ikaingia upande wa kushoto. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alithibitisha kwamba damu yauzunguka mwili mzima kisha hurejea moyoni. Lakini kuhesabu mapigo kwa dakika kulingojea saa iliyo sahihi. Mwaka 1707 tabibu John Floyer alitoa kitabu juu ya saa aliyoitengenezesha makusudi kwa kazi hiyo. Leo saa ya namna hiyo imo mfukoni mwa kila mwenye simu. Chombo tunacho, na kilichobaki ni kukitumia.

MOYO HUENDESHWA VIPI

Katika chumba cha juu cha moyo, upande wa kulia, mna kifundo kidogo cha nyama ambacho Arthur Keith na Martin Flack walikionyesha mwaka 1907. Hapo ndipo amri ya kila pigo inapoanzia. Lau kifundo hicho kingeachwa peke yake, kingepiga kiasi cha mara 100 kwa dakika. Lakini hakiachwi. Kuna neva za aina mbili zinazokisimamia. Za kwanza huuharakisha moyo wakati wa khofu, hasira, kazi na kukimbia. Za pili, ambazo kubwa yake huitwa vagasi, huutuliza. Mtu anapopumzika, zinazotuliza ndizo zenye nguvu, na kwa hiyo moyo hupiga polepole kuliko 100.

Mtoto mchanga moyo wake huenda mbio, zaidi ya mara 100 kwa dakika. Kila akikua hupungua. Afikapo ujana, hesabu ya mapumziko huwa baina ya 60 na 100, kama ya mtu mzima, na ya wasichana huzidi kidogo ile ya wavulana. Kijana aliyezoea kukimbia au kuogelea aweza kuwa na 50, naye ni mzima kabisa, kwa sababu moyo wake una nguvu na kila pigo lasukuma damu nyingi zaidi.

Sasa natufanye hesabu. Tuchukue vijana wawili wa umri mmoja, wote wamo ndani ya mpaka huo wa 60 na 100. Mmoja moyo wake hupiga 65 akiwa ametulia, na wa pili 85. Tofauti ni mapigo 20 kwa dakika. Kwa saa moja ni 1,200, na lau tofauti hiyo ingedumu mchana na usiku, ingekuwa 28,800. Wa pili si mgonjwa. Lakini yafaa tujiulize, ni kitu gani kinachoufanya moyo wake ushike kazi zaidi hatta akiwa amekaa kitako?

UHUSIANO WAKE NA CHAKULA MWILINI

Chakula tunachokula, khasa wanga na utamu, hugeuka kuwa sukari katika damu. Sukari hiyo haifai kitu mpaka iingie katika misuli na viungo vingine itumiwe. Anayeufungua mlango ni homoni iitwayo insulini, inayotoka katika kongosho. Mfano wake ni bawabu. Kijana atembeaye na kufanya kazi, misuli yake ina njaa ya sukari, na bawabu mmoja amtosha. Asiyejishughulisha, na tumbo lake likajaa shahamu, milango yake huwa mizito. Basi kongosho hulazimika kutuma mabawabu wawili, watatu, ili kazi ile ile ifanyike. Sukari ya damu yaweza kuonekana sawa kwa miaka, hali kongosho lataabika.

Insulini ikizidi hivyo siku baada ya siku, huzichochea zile neva zinazouharakisha moyo, na huyafanya mafigo yazuie chumvi. Mapigo huongezeka na presha hupanda. Tena neva hizo zikishika nguvu, mishipa midogo ya misuli hujikaza, na sukari huzidi kupata shida ya kuingia. Huo ni mzunguko mbaya, kila mmoja amsukuma mwenziwe. Ndiyo sababu uchunguzi katika nchi mbalimbali umeona kwamba vijana ambao mapigo yao ya mapumziko yamo juu, kwa jumla, ndio ambao presha yao, shahamu ya damu yao na upana wa viuno vyao pia huelekea kuwa juu.

Kazi hii ya mwili kukitumia chakula wataalamu huiita umetaboli. Mwaka 1988 daktari wa Marekani, Gerald Reaven, alieleza wazi kwamba sukari, presha na shahamu ya damu huharibika kwa pamoja, si kwa nasibu, na kwamba mzizi wake ni ule uzito wa milango kwa insulini. Mwaka 2007 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitoa kipimo cha vijana wa miaka 10 hatta chini ya 16. Kijana huhesabiwa kuwa na kundi hilo la dalili ikiwa kiuno chake chafikia au kuzidi kile kiwango ambacho watoto 90 katika kila 100 wa umri na jinsi yake wako chini yake, pamoja na mawili katika haya yafuatayo: sukari ya damu kabla ya kula ni 5.6 au zaidi. Presha ni 130 juu au 85 chini, au zaidi. Shahamu ziitwazo trigliseridi ni 1.7 au zaidi; na kolesteroli njema ni chini ya 1.03.

Msomaji ataona kwamba mapigo ya moyo hayamo katika orodha hiyo. Ni kweli, nasi twataka jambo hili lishikwe. Mapigo ni shahidi, si kadhi. Hakuna hesabu iliyokubaliwa ambayo mtu akiifikia huambiwa kuwa ana maradhi ya sukari. Shahidi kazi yake ni kutufanya tuulize na tupime, wala hahukumu peke yake.

USHAHIDI WA MIJI MIWILI

Huenda mtu akauliza, "Vipi mtasema kwamba maradhi ya wazee huanza kwa watoto?" Jawabu yetu yatoka katika mji mdogo wa Bogalusa, katika jimbo la Louisiana huko Marekani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Daktari Gerald Berenson na wenziwe waliwapima watoto wa mji huo, weupe na weusi, wakawafuata mpaka wakawa watu wazima. Katika muda huo wako waliokufa wangali vijana, wengi wao kwa ajali. Mwaka 1998 ilitangazwa khabari ya maiti 204 waliochunguzwa, wa umri wa miaka 2 hatta 39. Katika mishipa yao mikubwa ya damu mlionekana michirizi ya shahamu, hatta kwa waliokuwa wadogo. Na kila aliyekuwa na mengi zaidi katika yale mambo ya khatari alipopimwa uhai wake, kama uzito, presha na shahamu ya damu, ndivyo mishipa yake ilivyozidi kuharibika. Watu hao hawakuwa wagonjwa machoni pa mtu yeyote.

Mji wa pili ni London. Mwaka 1953 Daktari Jeremy Morris na wenziwe walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Madereva walikaa kitako mchana kutwa. Makondakta, katika mabasi yale yale, walipanda na kushuka ngazi mchana kutwa. Ikaonekana kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Mwaka 1956 wakatazama vipimo vya sare zao, wakaona kwamba suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni. Hao walikuwa watu wazima, lakini somo lake lawahusu vijana pia. Ngazi na miguu ni dawa, na kiti kina gharama yake.

VIJANA WETU WAMEKAA VIPI

Natuwatazame sasa wana wetu katika miji yetu ya pwani. Kijana huamka usingizi haujamtosha, akapanda tuktuk kwa mwendo ambao babu yake aliukata kwa miguu bila ya kuuhesabu kuwa ni safari. Hukaa skuli, akatoka akakaa madrasa, akatoka akakaa masomo ya ziada, akarudi akakaa na simu mpaka usiku wa manane. Katika kuzunguka huko hununua viazi vya karai, bhajia na soda. Saa ya michezo skuli, mtihani ukikaribia, hufanywa saa ya marudio ya hesabu, nasi wazee hufurahi.

Shirika la Afya Duniani katika uwongozi wake wa mwaka 2020 lasema kwamba aliye na miaka 5 hatta 17 yampasa apate kwa wastani dakika 60 kila siku za harakati za kumtoa jasho kidogo au zaidi, na siku tatu za wiki iwe ni harakati kali. Hesabu ya mwaka 2016, iliyokusanywa katika nchi 146, yaonyesha kwamba wanafunzi 81 katika kila 100 wa miaka 11 hatta 17 hawakuutimiza wajibu huo. Wavulana walikuwa 78, na wasichana 85.

Hapa tuna neno na wazazi. Binti zetu wako katika khatari zaidi kuliko wavulana, na sababu si maumbile bali ni mazowea. Mvulana ana uwanja na ana bahari. Binti, mara abaleghepo, huambiwa akae ndani, na kukaa ndani siku hizi si kule kwa bibi zetu, ambao walichota maji, wakatwanga, wakasaga na kufua kwa mikono. Siku hizi ni kukaa kweli, na sahani ya kaimati kando. Sitara ni jambo moja, na kumzuia binti asitumie miguu yake ni jambo jengine, wala la kwanza halilazimishi la pili. Kutembea na mama yake alfajiri au baada ya alasiri, kuruka kamba uani, kuwekewa skuli uwanja na saa yake ya michezo ya wasichana peke yao, yote haya yawezekana bila ya kuvunja heshima ya mtu. Binti huyu ndiye atakayebeba mimba kesho, na maradhi ya sukari katika mimba humdhuru yeye na mwanawe.

NAMNA YA KUPIMA

Apimwe asubuhi baada ya kuamka, kabla ya chai, au akae kitako dakika tano mahali pasipo joto kali. Ageuze kiganja juu. Kidole cha shahada na cha kati viwekwe chini ya kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, mpaka mshipa usikike. Asitumie dole gumba, kwani lina mapigo yake lenyewe. Ahesabu dakika nzima. Afanye hivyo asubuhi tatu mbalimbali, kisha achukue hesabu ya wastani na kuiandika. Kisha upimwe upana wa kiuno kwa uzi au kwa utepe wa mshoni, ulinganishwe na urefu wake. Kiuno kisifike nusu ya urefu. Kijana wa sentimita 160, kiuno chake kiwe chini ya 80.

Tena mzazi atazame shingo na makwapa. Ngozi ikiwa nyeusi, nene kidogo, na laini kama mahameli, aghalabu si taka. Wako akina mama wanaoisugua kwa dodoki mpaka mtoto akalia, ilhali mara nyingi hiyo ni alama ya insulini iliyozidi. Dodoki haliiondoi. Daktari ndiye anayefaa kuiona.

Hesabu ya mapigo ikiwa juu, tusikimbilie kusema kwamba ni unene au uvivu. Homa huipandisha, na joto, na khofu, na usingizi mchache. Upungufu wa damu huipandisha, nao ni mwingi kwa wasichana. Tezi ya shingo yaweza kuwa sababu, au moyo wenyewe uliodhuriwa na homa ya baridi yabisi iliyofuata maumivu ya koo. Miraa na muguka hupandisha mapigo na presha, na kijana anayetafuna hawezi kutuambia kwamba mwili wake umetulia. Vinywaji vya mkebe vya kuongeza nguvu navyo ni vivyo hivyo.

Wala hesabu ndogo si bishara njema daima. Kijana aliyekonda kwa kujinyima chakula, mapigo yake hushuka, na hiyo ni khatari. Apelekwe kwa daktari upesi ambaye mapigo yake ya mapumziko huzidi 100 mara kwa mara, au azimiaye, au aumwaye kifua akikimbia, au moyo wake huruka zamu. Na ambaye ana kiu isiyokwisha, aenda haja ndogo mara nyingi na akonda, asingojee hatta siku moja.

LA KUFANYA

Huenda mtu akasema, "Basi daktari na ampe dawa ya kushusha mapigo." Hilo si sawa. Kulipangusa wingu hakuzuii mvua. Linalotakiwa ni kuiondoa sababu, na mapigo yatashuka yenyewe. Kijana akishika kutembea kwa haraka, kuogelea au kucheza mpira karibu kila siku, kwa muda wa wiki na miezi mapigo yake ya mapumziko huelekea kupungua kidogo kidogo. Tena misuli inapofanya kazi huchukua sukari bila ya kumngojea sana bawabu, na kwa hiyo faida huanza siku ile ile, hatta kabla uzito haujapungua.

La pili ni kinywaji. Soda ya kola ya mililita 330 ina sukari kiasi cha gramu 35. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri kwamba sukari ya kutiwa isizidi sehemu 10 katika 100 za nguvu ya chakula cha siku, na ni bora isizidi 5. Kwa mwenye kula kalori 2,000, hiyo 5 ni gramu 25. Basi soda moja tu imekwisha kuuvuka mpaka huo, bado chai ya maziwa, bado sharubati, bado halwa ya wageni. Maji yawe ndiyo kinywaji cha nyumba.

La tatu ni usingizi. Kijana wa miaka 13 hatta 18 ahitaji saa 8 hatta 10, na kulala kidogo kwaifanya milango ya insulini iwe mizito. Simu ilale chumba cha wazazi. Na katika Ramadhani, mkesha wa barazani mpaka daku, juu ya futari ya utamu, usifanywe kuwa ndiyo desturi ya mwezi mzima.

La nne ni ulimi wetu. Kijana asiitwe "bonge" mbele ya wageni. Haya haimpunguzi mtu kiuno, bali humfanya ale kwa siri. Katika umri wa kubaleghe mwili wenyewe, kwa maumbile, huifanya insulini iwe nzito kidogo kwa muda, hatta kwa aliye mzima. Hilo si kosa la mtoto. Nyumba nzima ibadilishe sahani, na baba awe wa kwanza kutoka kutembea.

Kamati za madrasa na wazazi wa skuli twawaomba jambo moja lililo ndani ya uwezo wao: saa ya michezo isiguswe, na ya wasichana iwepo. Mtihani hupita kwa wiki mbili, na moyo wamtumikia mtu umri wake wote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa hospitali, kwa mali ya mjane na ya mayatima.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini tumesema kwamba mapigo ni shahidi, si kadhi?
2. Taja mambo manne, yasiyokuwa unene, yanayoweza kupandisha mapigo ya kijana.
3. Kila mmoja apime mapigo yake asubuhi tatu, na mwenye watoto awapime kwa upole. Hesabu ibaki nyumbani, lakini katika kikao kijacho kila mmoja aseme ni desturi gani moja ya nyumba yake aliyoibadilisha.